Kikomo Kwanza, Kadi Baadaye: Kufufua Kompyuta Kuukuu kwa Ajili ya Gemu

Kompyuta za mezani za mtumba zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi nyingi zina historia moja. Zilinunuliwa na ofisi ng'ambo, zikafanya kazi ya barua na hesabu kwa miaka michache, kisha ofisi ikabadilisha mashine zake zote kwa mkupuo na hizi zikaingia kwenye makontena. Ndiyo maana majina ni yale yale karibu kila duka: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na bei yake inafikika kwa mwanafunzi au kijana anayeanza kazi. Lakini walioziunda hawakuwa na gemu akilini.

Je, mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuigeuza mashine ya aina hii ikacheza gemu kwa raha, au anatupa pesa? Anaweza, na vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Fedha hupotea pale mtu anapoanza na kadi ya grafiki aliyoisikia ikisifiwa, akaacha kuuliza mashine yake ina mipaka gani. Mipaka hiyo ni mitatu: nguvu ya pawa saplai, nafasi iliyomo ndani ya kasha, na gemu anazotaka kucheza. Akiijua kabla ya kufungua pochi, bajeti ndogo itamfikisha mbali. Asipoijua, hata bajeti nono itaishia kwenye kadi isiyowaka.

Gemu zipi?

Usiulize kama kompyuta yako "inacheza gemu". Uliza inacheza gemu ipi. Grand Theft Auto V ilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, Rockstar ilipendekeza prosesa ya Intel Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GeForce GTX 660. Prosesa hiyo ya mwaka 2012 ndiyo unayoikuta ndani ya OptiPlex 7010 nyingi zilizoko sokoni leo. Kwa hiyo mashine inayodharauliwa kuwa ya karani ilikuwa, kwa upande wa prosesa, katika kiwango kilichopendekezwa kwa toleo la awali la gemu hiyo maarufu. Ilichokosa ni kadi.

Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya CS:GO Septemba 2023, inachezwa bure. Mahitaji yake ya chini ni prosesa yenye nyuzi nne, RAM ya GB 8 na kadi yenye kumbukumbu ya angalau GB 1. Dota 2 ni ya bure, Rocket League imekuwa ya bure tangu 2020, na eFootball ya Konami, mrithi wa PES, nayo hailipiwi kuingia. Kwa kundi hili mashine ya kizazi cha tatu au cha nne cha Intel Core ikiongezewa kadi ndogo inatosha.

Ukipanda ngazi moja mambo yanabadilika. EA Sports FC 25 inataka, kwa uchache, Core i5-6600K na GTX 1050 Ti. Juu yake kuna gemu ambazo mtu wa bajeti finyu aziache kwa amani: Alan Wake 2 ya Oktoba 2023 iliweka RTX 2060 kuwa kiwango cha chini, na Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haifunguki kabisa kwenye kadi isiyoweza kufuatilia miale ya mwanga kwa vifaa vyake yenyewe. Hakuna ujanja wa mipangilio utakaobadilisha hilo.

Andika basi gemu tatu au nne unazotaka kweli kuzicheza mwaka huu, utafute mahitaji ya kila moja, na uchukue iliyo nzito kuliko zote kuwa kipimo chako. Mtu anayecheza mpira na Counter-Strike hahitaji mashine ya Alan Wake 2, na hana sababu ya kujilaumu kwa hilo.

Skrini nayo ihesabiwe. Skrini ya 1366 kwa 768 ina pikseli zipatazo milioni 1.05, wakati ile ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2.07. Kadi inayochora kwenye skrini ndogo inafanya takriban nusu ya kazi. Kijana mwenye skrini ya zamani asiikimbilie kubwa kabla ya kadi, kwani kila pikseli anayoiongeza ataitafutia nguvu ya kuichora. Teknolojia ya AMD iitwayo FSR, iliyotoka Juni 2021, inasaidia pia: gemu inachorwa kwa pikseli chache kisha inakuzwa ijaze skrini, na toleo lake la kwanza linakubali hata kadi nyingi za zamani za Nvidia. Gemu ikikupa chaguo hilo kwenye mipangilio, lijaribu kabla ya kufikiria kununua chochote.

Nini hasa kinakwamisha?

Watu husema "kompyuta inaganda" kwa matatizo manne tofauti, kila moja na dawa yake. Bahati nzuri Windows ina kipimo cha bure. Fungua gemu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda sehemu ya Performance, kisha rudi ucheze kwa dakika kumi. Ukimaliza, tazama michoro.

Kadi ya grafiki ikiwa imekaa karibu na asilimia 100 huku prosesa ikiwa nusu, kadi ndiyo imeshindwa, na kuibadilisha kutaleta tofauti utakayoiona. Prosesa ikiwa imejaa huku kadi ikipumzika, kadi mpya itakaa bure na fedha yako imekwenda. RAM ikiwa imefika asilimia 90 na zaidi, mashine inahamisha data kwenda na kurudi kwenye diski, na hapo ndipo picha hukatikakatika. Diski ikiwa asilimia 100 kila unapoingia eneo jipya la gemu, mkosaji ni hadi diski.

Kuna tatizo la tano ambalo michoro hiyo haiwezi kulionyesha: mtandao. Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayecheza Counter-Strike 2 huunganishwa na seva zilizo mbali, hata zile za karibu zaidi zikiwa Johannesburg. Adui akionekana anaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine huku picha yenyewe ikitiririka vizuri, hiyo ni pingi, na hakuna kadi ya grafiki inayotibu pingi. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi unaweza kukusaidia kuliko kifaa chochote cha dukani.

Ukipima, usidanganywe na wastani wa fremu peke yake. Kwa fremu 60 kwa sekunde kila fremu huchukua milisekunde 16.7; kwa fremu 30, milisekunde 33.3. Jicho huzoea hata 30 zikija kwa mpigo ulio sawa. Kinachoudhi ni fremu moja kuchukua milisekunde 100 katikati ya nyingine za 16. Mashine inayotoa 40 bila kuyumba ni bora kuliko inayotoa 70 na kukwama kila baada ya sekunde chache.

Vumbi, RAM na diski

Prosesa na kadi zinapopata joto sana hujipunguzia kasi ili zisiungue. Kompyuta iliyokaa ofisini miaka minane ina vumbi lililoshikamana kwenye mapezi ya kipoza joto, na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Fundi akiipuliza kwa bloa, huku akizishika feni zisizunguke ovyo, kisha akafuta pesti ya zamani na kupaka mpya, mashine hurudia kasi iliyozaliwa nayo. Hii ndiyo hatua ya bei ndogo kuliko zote, nayo itangulie manunuzi yoyote, kwa sababu huwezi kujua nguvu ya mashine iliyobanwa na joto.

Inayofuata ni RAM. GB 8 ndicho kiwango cha chini kwa sasa. GB 16 ni raha, hasa kwa mtu anayeacha kivinjari wazi nyuma ya gemu. Jinsi unavyoipanga nayo ina uzito wake. Kipande kimoja cha DDR3 cha kasi ya 1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili kwenye sloti zinazofanya kazi kwa jozi hupitisha GB 25.6. Mashine isiyo na kadi inayojitegemea, ile inayotumia grafiki ya ndani ya prosesa kama Intel HD 4600, huchota kumbukumbu yake ya picha kutoka kwenye RAM hiyo hiyo, kwa hiyo kuongeza kipande cha pili kunaipa picha uhai kwa gharama ndogo. Ukipewa uchague kipande kimoja cha GB 8 au viwili vya GB 4, chukua viwili, na uhakikishe vimekaa kwenye sloti za jozi, ambazo kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi au namba.

Kwa upande wa bei, upepo umegeuka. Mwishoni mwa 2025 RAM mpya ilipanda bei duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Mnunuzi wa mtumba anajifunza hapa jambo moja: RAM iliyomo ndani ya mashine sasa ni sehemu ya thamani yake. Mashine yenye GB 16 inayouzwa ghali kidogo kuliko yenye GB 4 huenda ndiyo nafuu.

Kisha SSD. Tusiipe sifa isizostahili: haiongezi fremu. Inafupisha muda wa kufungua gemu, na inaondoa mikwamo ya gemu zenye ulimwengu mpana ambazo husoma diski kila unapokwenda mbele. SSD ya SATA huingia kwenye mashine zote tunazozizungumzia. Anayemudu ndogo tu aweke Windows na gemu anayoicheza zaidi, na nyingine azihifadhi kwenye hadi diski ya zamani.

Hesabu ya wati

Sasa tufike kwenye kadi, mahali ambapo fedha nyingi hupotelea. Sloti inayoshika kadi ya grafiki, iitwayo PCIe, hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisi hazina waya huo. Namba hiyo 75 ndiyo inayokupa orodha ya kadi zako.

Tuchukue OptiPlex 7010 ya kasha kubwa, maarufu kama tawa. Pawa saplai yake ni ya wati 275. Prosesa ya i5-3470 imekadiriwa wati 77. Ubao mama, RAM, diski na feni tuvipe wati 50. Ukiweka kadi ya wati 75 jumla ni 202, na bado una nafasi ya kupumua. Ukiweka Radeon RX 580, ambayo ni kadi nzuri ya wati 185, jumla ni 312. Umeshavuka mpaka, na hata waya wa kuiwasha hauna.

Usiamini jina la mashine peke yake. Fungua kasha usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12: ikiandikwa ampea 20, una wati 240 za kuvigawia. Namba kubwa iliyoandikwa juu ya karatasi hujumlisha pia njia za volti 3.3 na 5, ambazo hazisaidii kadi.

Ndani ya wati 75 kuna kadi za kutosha. GTX 750 Ti ya 2014 inatumia wati 60 na ina kumbukumbu ya GB 2. Ni ya gemu nyepesi. GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75 na GB 4, ndiyo kipimo cha katikati kwa mtu wa bajeti finyu. GTX 1650 ya 2019 ni wati 75 pia, ina nguvu zaidi, lakini kuna matoleo yenye tundu la waya wa ziada. Angalia kabla ya kulipa. RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 tu, ila inatumia njia nne pekee za PCIe, kwa hiyo kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3.0 au 2.0 hupoteza sehemu ya nguvu yake. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024 ikiwa na wati 70, ndiyo ya juu kabisa katika kundi hili, na bei yake mara nyingi inapita ya kompyuta nzima.

Chini kuna mitego. GT 710 na GT 730 huuzwa kwa maneno makubwa, "grafiki ya GB 2" au "ya GB 4", lakini chipu zake ni dhaifu na wingi wa kumbukumbu hauzifanyi ziwe kadi za gemu. GT 1030 ipo ya aina mbili: ya GDDR5 hupitisha data GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 hupitisha GB 16.8 tu. Jina juu ya boksi ni moja, na mchezaji anaweza kudhani amenunua kadi ile ile ya rafiki yake.

Kasha ni mpaka mwingine. Mashine nyembamba za ofisi hupendeza mezani, lakini zinapokea kadi fupi kwa kimo tu, na baadhi zina nafasi ya kadi ya sloti moja. Kadi fupi zipo, za 1050 Ti, 1650 na RX 6400, ila ni adimu na muuzaji analijua hilo. Pawa saplai ya mashine nyembamba nayo huwa ndogo zaidi: ile ya OptiPlex 7010 nyembamba ni wati 240. Ndiyo maana kwa mtu ambaye bado hajanunua kompyuta yenyewe, ushauri wenye uzito kuliko wote katika makala haya ni huu: nunua tawa, hata kama yenye kasha jembamba imepungua bei.

Wanaotaka kubadilisha pawa saplai wachungulie plagi ya ubao mama kwanza. OptiPlex 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 ya kizazi kilichofuata inatumia plagi ya Dell ya pini 8 na inahitaji adapta. Mwisho, skrini za zamani zenye VGA peke yake: chipu za GTX 1050 Ti na zilizofuata hazitoi VGA, kwa hiyo ongeza adapta ya kubadili HDMI kuwa VGA kwenye bajeti. Na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Ukiuacha kwenye tundu la ubao mama, utakuwa unacheza kwa grafiki ya zamani na kuilaumu kadi mpya.

Kadi bandia na kadi zilizochoka

Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. GTX 1050 Ti imekuwa ikiigwa hivyo kwa kutumia chipu ya GTX 550 Ti, iliyotengenezwa miaka mitano kabla yake. Windows yenyewe hudanganywa na kuonyesha jina la uongo.

Ulinzi wake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina ikiibaini kadi ya namna hii. Ibebe kwenye fleshi uende nayo dukani. Kwenye GTX 1050 Ti halisi utasoma chipu ya GP107, vichakataji vidogo 768 na njia ya kumbukumbu ya biti 128. Ukiona GF116 na vichakataji 192, rudisha kadi mezani. Hata kabla ya kuwasha, tazama mgongo wa kadi: inayojiita 1050 Ti huku ina tundu la bluu la VGA inastahili kushukiwa papo hapo.

Kundi la pili ni kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi, hasa RX 570 na RX 580, zikaingia soko la mtumba. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo zimechoka zaidi, na pesti yake huenda imekauka. Mwombe muuzaji aichomeke na kuiendesha kwa gemu nzito robo saa nzima mbele yako, usikilize feni na kutazama kama picha inatoa madoa ya rangi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukupa jibu.

Windows 10 imekwisha, nini kifuatacho?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Karibu mashine zote za kizazi cha tatu hadi cha saba zimebaki nje ya mlango rasmi. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu hiyo.

Kwa mchezaji wa bajeti finyu jambo hili lina sura mbili. Ofisi zinapoziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, kama OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2, mashine zinazofaa sana kwa gemu zinapata njia ya kufika sokoni kwa bei inayopungua. Wakati huo huo usalama unadhoofika, na mifumo ya kuzuia wadanganyifu kwenye gemu za mashindano inazidi kubana. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 nayo inadai Secure Boot. Nvidia ilishatangaza kuwa kadi za familia ya GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti zingepata draiva za kawaida za gemu hadi Oktoba 2025, na baada ya hapo ni masahihisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Kuhamia mfumo wa Linux badala ya Windows ni njia halisi kwa wengi. Tangu Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipoleta programu ya Proton mwaka 2018, gemu nyingi za Windows zilizoko Steam hufanya kazi kwenye Linux, na Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yake ya Linux. Valorant na Fortnite hazifanyi kazi huko kwa sababu ya ulinzi wake. Rudi basi kwenye orodha yako ya gemu: ikiwa hizo mbili hazimo, Linux itakuokoa gharama ya kubadilisha mashine nzima.

Bando na umeme

Kwetu gemu ya bure bado ina bei, na bei yake ni bando. Counter-Strike 2 inahitaji nafasi ya takriban GB 85. Hata kama ungepakua zote kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, ingekuchukua saa 19. Kwa anayenunua bando la simu, gharama hiyo inaweza kuzidi ya kipande cha RAM. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu bila kugusa intaneti. Marafiki wa mtaa mmoja wakijipanga, mmoja akapakua kwenye ofisi au chuo chenye mtandao wa uhakika, wengine wote wanachukua kwake kwa waya. Ni afadhali mara mia kuliko gemu za wizi zilizobebwa kwenye fleshi pamoja na virusi vyake.

Umeme wenyewe si mzigo mkubwa: mashine ya wati 200 ikichezwa saa tatu inakula uniti 0.6. Hatari iko kwenye kukatika na kurudi kwa kishindo. UPS au staplaiza iwe kwenye orodha ya manunuzi tangu mwanzo, kwa sababu pigo moja la umeme linaweza kuondoka na kila kilichoongezwa.

Pa kusimama

Kuna mashine ambazo hazistahili shilingi. Core 2 Duo ina nyuzi mbili tu, na Counter-Strike 2 yenyewe inataka nne. Kizazi cha tatu cha Intel Core hakina maagizo ya AVX2 yaliyoanza na kizazi cha nne mwaka 2013, na gemu mpya zinazoyadai zinaongezeka. Aliye na kizazi cha tatu aongeze kidogo na kwa tahadhari. Anayenunua leo aanzie cha sita, au cha nane akimudu, kwa kuwa i5-8500 ina viini sita na inakubali Windows 11. Laptopu za ofisi zisafishwe, ziongezewe RAM na SSD, na hapo basi. Kadi yake haibadilishwi, kwa hiyo kikomo chake kiliwekwa kiwandani.

Mtu akishajua anacheza nini na mashine inabeba nini, abaki na swali moja la mwisho kwa kila kifaa: hiki kitahama nami? SSD ya leo itaingia kwenye mashine ya kesho. Kadi ya wati 75 itaingia. Skrini, UPS na kipanya vitaendelea kutumika. Lakini RAM ya DDR3 haiingii kwenye ubao wa DDR4, na prosesa ya i7-3770 haitoki kwenye soketi yake kwenda popote pengine. Weka fedha nyingi kwenye vinavyohama, na kidogo iwezekanavyo kwenye vinavyokufa na ubao mama wake. Anayejenga hivyo, kipande kwa kipande, atakuwa anasogea kila mwaka bila kuanza upya, na tawa ya ofisi aliyoinunua kwa bei ndogo itakuwa imefanya kazi yake: kumfikisha kwenye mashine inayofuata akiwa na mali mkononi.